Kichupa Kilichobanduliwa Lebo

Tunu alilala chali kwenye kitanda cha chumba cha nyuma cha saluni, blauzi ameipandisha hadi kifuani. Harusi ya mdogo wake ilikuwa imekaribia na gauni lilikataa kufunga. Salha, mwenye saluni, alikuwa akivuta kwa sindano dawa ya kuyeyusha mafuta kutoka kwenye kichupa kidogo. Lebo yake ilikuwa imebanduliwa, imebaki gundi tu.

"Dada, dawa hiyo inaitwaje?" Tunu aliuliza.

"Ya kupunguza tumbo. Wenzako hawaulizi."

"Na lebo?"

"Ilibanduka kwenye friji."

Tunu alimtazama vizuri. Salha naye alikuwa na kitambi, tena kikubwa kuliko chake.

"Mwenyewe umeshachomwa?"

Salha akacheka, akaigonga sindano kwa ukucha. "Mimi nina watoto wadogo, shoga yangu."

Tunu akaudaka mkono wake kabla haujashuka. Akainuka, akashusha blauzi, akafungua mlango.

Msichana aliyekuwa akisubiri kwenye benchi alisimama huku akitabasamu. "Zamu yangu?"

"Anayefuata aingie!" Salha aliita kutoka ndani.

Tunu hakusogea. Aliuziba mlango kwa mwili wake wote.