Mara Nane

"Nyamaza, Dieuwke! Inakaribia!" Evert alifoka, ingawa mkewe hakuwa amesema kitu. Dieuwke alikuwa dirishani anafuma sweta lake, santuri ikizunguka mezani.

Mgeni, mzee Ruurd, alishika kikombe cha kahawa na biskuti moja. Moja tu, kopo la biskuti lilishafungwa na kurudishwa kabatini, kama ilivyo ada ya mji wa Zutphen, Uholanzi, hata kama mgeni ndiye aliyepuliza saksafoni ya bendi ya Zilte Klok.

Bendi hiyo ilitoa santuri moja tu maishani, mwaka 1974, nusu roki nusu jazi, na walioinunua wangeenea kwenye basi moja. Evert alikuwa mmoja wao. Tangu hapo ameandika kitabu kizima juu ya kipande kimoja cha upande wa pili, pale saksafoni inaporudia sauti zilezile mara nane. Waliosema hawazisikii hizo mara nane aliwaita viziwi. Leo alitaka jambo moja tu: Ruurd amwandikie dibaji. Bila dibaji hiyo, mchapishaji hataki hata kukiona kitabu hicho.

"Wajinga husema ni kelele," alisema Evert. "Kuhesabu hawajui! Na huyu mke wangu ndiyo basi tena. Kumweleza muziki ni kumpigia mbuzi gitaa."

"Mimi nina sweta langu," alisema Dieuwke.

"Si unamsikia?"

Saksafoni ikapanda. Evert akainua kidole. Tik. Sauti zikarudi. Tik. Zikarudi tena.

"Na hiyo tik ya mpiga ngoma! Kila mzunguko, palepale! Nimeiandikia sura nzima. Eti Waholanzi hatuna jazi. Pumbavu zao!"

Ilipofika ya nane, muziki ukasonga mbele.

Ruurd alikuwa ameiweka biskuti chini. "Bwana Evert," alisema taratibu, "hapo mimi nilipuliza mara moja tu. Na mpiga ngoma alikuwa nje, anavuta sigara."

Evert akamgeukia mkewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumlaumu.

Dieuwke aliweka sweta magotini.

"Sindano yangu ya kufuma iliiangukia santuri ikaikwaruza, siku ileile uliyoinunua, hata hujaisikiliza," alisema. "Nikangoja unifokee. Wewe ukachukua kalamu."