Kikosi cha Mfereji

"Mguu pandeee! Mguu sawa!"

Vijana thelathini wakabamiza kandambili zao chini kwa pamoja, vumbi likaruka mpaka kwenye mpunga. Kila mmoja alikuwa na bunduki ya mti begani. Mbele kabisa alisimama Jastin, mtoto pekee wa Koplo mstaafu Melkizedek. Mzee akatabasamu. Kikosi kimeiva!

Kampuni moja ngeni ilikuwa inautaka mfereji unaoleta maji kutoka Mto Ruaha, imwagilie miwa yake ya ng'ambo. Mfereji ukienda, mpunga wa kijiji kizima umekwenda, na wa Melkizedek ndio wa kwanza. Hilo hata mtoto mdogo alilijua.

Asubuhi hiyo hiyo alikuja Naomi, mjumbe wa kampuni, mpole, viatu mkononi visiingie matope. Akaamkia vizuri, akatazama gwaride mpaka mwisho.

"Umeona, mwanangu?" mzee akamwambia. "Mataifa makubwa yote yanaogopwa kwa sababu ya jeshi. Pesa itafanya nini mbele ya askari? Hapa hapiti mtu."

"Kweli, baba. Umewapika wakapikika." Naomi akawapitia kwa macho mmoja mmoja. "Sijui mchana wanakula nini?"

"Wanakula kiapo!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Vijana nao wakacheka, ila kidogo.

Naomi hakurudi. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mzee akawa anatamba kijiweni kwamba mama yule kaufyata. Mkewe, Letisia, ndiye pekee aliyekosa raha.

"Baba Jastin, mwanao hagusi ugali wangu siku hizi. Anasema kashiba."

"Askari huyo! Kazoea njaa."

"Mbona ananenepa?"

"Wee mama, acha kunitia uchuro!"

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, trekta likanguruma ng'ambo ya mfereji, Naomi kaketi karibu na dereva. Mzee hakusubiri. Alivaa kofia yake ya jeshi, akapanda juu ya tuta peke yake, akapuliza filimbi mara tatu, ile ishara waliyokubaliana.

Kimya. Akapuliza tena.

Halafu vishindo vikasikika kutoka ndani ya miwa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, hakuna aliyepoteza hatua. Machozi ya fahari yakamlenga mzee. Wamekuja, jamani, wamekuja! Ila vishindo vilikuwa vizito, vya buti, na kikosi chake hakikuwa na buti.

Miwa ikagawanyika. Walikuwa thelathini kamili, sare mpya, virungu vipya, wakajipanga mstari mmoja ng'ambo ya mfereji, mbele ya trekta.

Jastin akapiga hatua moja mbele, goti juu kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akaitikia, maana mdomo umezoea.

"Tunaomba utupishe."