Vyumba Mia

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shamte, alikuja na nyundo kuung'oa mlango wa zamani uliotundikwa ukutani. Tunu na majirani walikuwa wameutoboa matundu mia na kuupaka rangi uwe makazi ya nyuki wadogo wajengao viota kwa vipande vya majani, lakini miezi mitatu waliyopewa na mzee ilipita bila nyuki hata mmoja.

"Vyumba mia, mpangaji hakuna!" jirani mmoja alitania.

"Muda umeisha, mwanangu," alisema mzee.

Hapo hapo nyuki akatua, amekumbatia kipande cha jani, akajipenyeza tunduni.

"Hata hodi hakupiga," Tunu alinong'ona.

Mzee alishusha nyundo. "Apige hodi kwake?"

Vigelegele vikapasuka. Pembe ya jani ilichungulia nje kama pazia, kisha ikavutwa ndani.