Kumbukumbu za Atuganile

Mwanafunzi wa haki jinai aliyetaka nafasi ya mafunzo katika ofisi ya mashtaka alipaswa kwanza kupandikizwa kumbukumbu za marehemu mmoja ambaye muuaji wake hajajulikana, kisha kuandika ripoti ya atakachokumbuka kumhusu muuaji. Naishiye alituma maombi yake saa moja kabla ya muda kwisha, akapewa kumbukumbu za Atuganile, fundi cherehani.

Wiki ya kwanza aliota vitambaa tu. Wiki ya pili mama yake alimsikia jikoni akiwabembeleza watoto wasiokuwepo.

"Ni kazi tu, mama," alisema. "Nitazoea."

Jumapili mjomba Elifuraha, aliyewatunza tangu baba afariki, alikuja kula chakula cha mchana. Alipomshika bega kumsalimia, Naishiye alihisi anakabwa shingo. Aliutambua mkono ule, na haikuwa kwa sababu ni wa mjomba wake.

Aliondoka mezani akaingia chumbani. Mama akamfuata.

"Unaumwa?"

"Mama, mjomba aliwahi kuwa na mwanamke fundi cherehani?"

Mama akaufunga mlango taratibu.

"Ripoti yako mwisho lini?"

"Kesho saa sita."

"Basi waandikie kwamba hukukumbuka kitu," mama alisema bila kumtazama. "Yule ni ndugu yangu, Naishiye. Sina mwingine."

Naishiye alichukua simu, akaijaza ripoti palepale kitandani, jina kamili la mjomba na mahali anapoishi, huku mama amesimama mlangoni akilia bila sauti, na sebuleni mjomba akiuliza kama mchuzi umebaki.