Barua ya Bibi Digidigi kwa Mheshimiwa Kiboko

Enzi zile wanyama waliandikiana barua, na isiyouliza hali ilirudishwa kwa mwenyewe bila kumalizwa kusomwa. Siku hizi ni kubonyeza tu.

Basi Mbunge Kiboko alizungushia bwawa ua wa miiba ili aoge peke yake. Wajukuu wa Bibi Digidigi wakabaki kulamba umande. Kasuku, fundi wa simu, akawaita wanyama wote. "Barua nimeshaitunga. Weka jina, bonyeza, imefika kwa mheshimiwa!"

Wakabonyeza mia tatu. Ua haukusogea.

Bibi Digidigi akamwendea Kasuku. "Yangu iandike ninavyosema mimi. Anza hivi: Mwanangu Kiboko, salamu sana. Mimi sijambo, hofu ni kwako. Lile jino lililokuliza utotoni limepona?"

Kasuku akacheka hadi manyoya yakampukutika. "Bibi, unadai maji au unaposa?"

"Andika, domo hilo! Halafu maji yaje mwishoni, kama adabu inavyotaka."

Akaandika, akaituma.

Asubuhi yake Kiboko akaja mbio. "Nani kaniuliza jino? Zile mia tatu zilifanana, nikajua ni Kasuku anapiga kelele peke yake, nikazifuta. Tangu mnichague hakuna aliyeniuliza hali!" Machozi yakamlengalenga.

"Ni mimi," akasema Bibi Digidigi. "Pole, mwanangu. Sasa mwisho wa barua uliusoma?"

Kiboko akainama, akaanza kung'oa miiba mbele ya wanyama wote. Watoto wakanywa kabla hajaanza hotuba.