Ukwato Ndani ya Jiwe

Ukwato ulitokea chini ya sindano, mdogo kama punje ya mahindi. Kitavi akaacha kuchokoa. Akapuliza vumbi, akasogeza taa.

Alikuwa katika chumba cha mifupa cha makumbusho, akisafisha jiwe lililotoka kisiwa cha Maboko. Ndani yake mlikuwa na Climacoceras, mnyama wa kale aliyefanana na paa, mwenye pembe zilizochomoza miiba kama tawi la mgunga. Kizazi chake kilikwisha duniani mamilioni ya miaka iliyopita.

Aliufuata ukwato kwa brashi. Ulishikana na mguu mwembamba kama kijiti, na mguu ulipita katikati ya nyonga za mnyama mkubwa. Hapo ndipo ulipokwama. Mama alikufa akizaa, na mtoto hakutoka.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, aliyelazwa hospitalini mtaa wa Upper Hill tangu jana akiwa na uchungu.

"Daktari anasema mtoto hashuki," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Anataka kunipasua saa hii. Lakini mamako ako hapa, anasema tungoje. Eti kwenu wanawake huzaa wenyewe."

Kitavi hakuondoa macho kwenye nyonga zile.

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka wamtoe."

"Basi mwambie daktari uko tayari."

"Na mama?"

"Mpe simu."

Akasikia simu ikipokezwa, na pumzi nzito ya mamake.

"Mama," alisema taratibu, "usimzuie."