Kondo Lina la Kusema

Siku hizi mimba ikifika miezi mitano, kondo la nyuma husomwa kwa altrasaundi, na mama hupewa cheti cha afya ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mimba yake ilipofika miezi hiyo, Raziki alikwenda kliniki na mama mkwe wake, Bi Siwatu, aliyekuwa mkunga kwa miaka arobaini.

Kwenye kioo cha mashine kondo lilikuwa likipwita, mishipa imetawanyika kama mizizi ya mkoko.

“Mapafu mazima,” nesi alisoma. “Moyo utamsumbua akifika miaka thelathini.”

Bi Siwatu alijitanda kanga upya, kama aliyeingia kwa wakubwa.

“Nimeosha makondo mengi, nikayazika na chumvi,” alinong'ona. “Kumbe yote yalikuwa na la kusema.”

“Na hili, mama, tutalizika?” Raziki aliuliza.

Bi Siwatu alimwashiria anyamaze, kama vile kondo linawasikia.